Kaole Irudi, Lakini Safari Hii Ifike Shinyanga na Geita

Hazipiti wiki nyingi bila jambo hili kujirudia katika miji ya machimbo. Mtu anatupia kipande cha igizo la zamani la Kaole kwenye kundi la WhatsApp la familia au la mtaa, picha ina mikwaruzo, sauti inakatika, na chini yake anauliza: hawa wanarudi lini? Majibu yanamiminika. Wa Kahama anasema amesikia wanarudi mwakani. Wa Katoro anasema huo ni uzushi, kila mwaka unasemwa. Mwingine anaanza kutaja waliokwisha kufariki, na mazungumzo yaliyoanza kwa kicheko yanageuka kuwa ya kukumbuka misiba.

Wanaouliza hivyo wasibezwe kana kwamba wamenasa kwenye mambo ya jana. Wanadai kitu halali: hadithi ya Kiswahili, ya bure, yenye saa yake inayojulikana, ambayo baba, mama, mtoto na mpangaji wa chumba cha uani wanaweza kuitazama pamoja bila mtu kuona haya. Tamthilia zile zinastahili kurudi. Ila zikirudi zikiwa bidhaa ya kulipiwa, iliyopigwa Dar es Salaam kwa ajili ya macho ya Dar es Salaam, zitakuwa zimerudi kwa watu wengine kabisa, na mashabiki wa Shinyanga na Geita watakuwa wamesubiri bure.

Luninga moja, mtaa mzima

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilirusha matangazo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kazi, na televisheni ya taifa, TVT, ikafuata baadaye. Kwa hiyo watu wa kwanza kumiliki luninga katika sehemu kubwa ya Usukuma ndio hao hao waliokutana na maigizo ya Kaole Sanaa Group na Mambo Hayo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kaole lilikuwa jina la kikundi, lakini watazamaji walilifanya jina la kipindi, jina la saa ile ya jioni, na mwishowe jina la zama nzima.

Umeme ulikuwa wa mjini, tena wa kubahatisha. Kwenye kambi za wachimbaji wadogo, luninga iliwaka kwa jenereta au betri ya gari, na aliyekuwa nayo alikuwa na wageni atake asitake. Viatu vilijaa mlangoni. Watoto waliketi mbele kwenye mkeka, wakubwa nyuma, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Kipindi kikiisha, hadithi iliendelea kesho yake kisimani, sokoni na kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, kwa sababu aliyeikosa alikuwa na haki ya kusimuliwa.

Vibanda vya video vilifanya kazi yake pia. Humo ndimo sauti ya Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ilipozifanya filamu za mbali ziongee Kiswahili kwa watu wasiojua neno la lugha zilizoigiziwa. Umaarufu wake unaeleza jambo kubwa kuhusu watazamaji wa nchi hii: waliitaka hadithi katika lugha yao, hata kama sura za kwenye kioo hazikuwa zao. Kaole iliwapa vyote viwili. Ilikuwa na sura za nyumbani na maneno ya nyumbani, na ugomvi wa mke na mawifi ambao mtu angeweza kuusikia kwa jirani.

Kuna faida moja ambayo haitajwi sana. Katika kaya nyingi za vijijini Shinyanga na Geita, mtoto huanza maisha kwa Kisukuma na kukutana na Kiswahili darasani, mara nyingi chini ya kiboko. Igizo la jioni lilimfundisha Kiswahili kwa upole. Alijifunza jinsi ya kumwamkia mkwe, jinsi ya kuomba radhi, jinsi ya kukataa bila kutukana. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri alitafsiriwa na mjukuu, na kwa nusu saa mjukuu alikuwa mwalimu ndani ya nyumba. Ni darasa gani la sasa linalofanya kazi hiyo?

Na yapo mambo ambayo wazazi walishindwa kuyafungua midomoni mwao, igizo likayafungua. Miji kama Kahama na Geita ilijaa wahamiaji waliofuata dhahabu, na maradhi ya UKIMWI yaligusa nyumba nyingi bila kutamkwa. Mama aliyeogopa kumwambia binti yake juu ya wanaume wenye hela za ghafla aliweza kusema, "Unamwona yule kwenye igizo?" na binti akaelewa.

Kijana wa Bugoyi

Watu wa Shinyanga wana deni la kudai katika jambo hili, maana walitoa mtu. Steven Kanumba alizaliwa mkoani humo Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaanza sekondari Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko alijiunga na Kaole na kuonekana katika maigizo kama Jahazi, Dira na Tufani. Kutoka kwenye runinga akaingia kwenye filamu. Johari, aliyocheza na Vincent Kigosi na Blandina Chagula, ikalifanya jina lake liwe la kila nyumba, na baadaye akavuka mipaka kuigiza na Wanijeria. Alifariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28.

Msiba wake ulisimamisha nchi, lakini Shinyanga ulikuwa wa aina nyingine. Ulikuwa msiba wa mtoto wa nyumbani. Hadi leo kijana wa Ngokolo au Kambarage anayetaka kuigiza huambiwa na wenzake kwamba njia ipo, Kanumba aliipita. Ukweli mchungu ni kwamba njia hiyo ilikuwa moja tu, nayo ilianzia kituo cha basi. Aliyebaki nyumbani hakuigiza popote pa kuonekana.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Wasukuma waliuishi usemi huo muda mrefu kabla ya luninga. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na upinzani wa viongozi wa ngoma Ngika na Gumha katika karne ya 19, bado hushindana baada ya mavuno. Pande mbili hucheza wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Watu husafiri kutoka wilaya jirani kufuata kiongozi wa ngoma wanayempenda, wakijua nyimbo zake na mbinu zake, wakibishana njia nzima ni nani bora. Huo ndio ushabiki wenyewe. Umati wa namna hiyo hauhitaji kufundishwa jinsi ya kupenda igizo na kulingojea. Unahitaji kuonyeshwa kwamba kuna mtu anayeuhesabu.

Mgodi wa kwenye luninga ulikuwa wa wengine

Lipo jambo lingine ambalo mtu wa Geita akilifikiria linamuuma. Miaka ile ile mgodi wa Geita ulipokuwa unaanza uzalishaji, mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, ITV iliwaonyesha Watanzania tamthilia ya Afrika Kusini, Isidingo. Kisa chake kilijengwa katika mji wa kubuni wa machimbo ya dhahabu uitwao Horizon Deep. Familia ya Matabane ikawa kama ndugu. Barker Haines alichukiwa na watu wasiowahi kukanyaga Johannesburg. Mhusika Nandipha, aliyeishi na virusi vya UKIMWI, alizungumzwa sebuleni na watu ambao wasingeweza kumzungumzia shangazi yao mwenye hali hiyo.

Isidingo ilianza Julai 1998 na kusimamishwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini Machi 2020, karibu miaka 22. Watazamaji wake wakalia, na hadi sasa wapo wanaotamani irudi, hata huku kwetu.

Lakini jiulize: ni tamthilia gani ndefu ya Kiswahili iliyowahi kufanya jambo hilo hilo kwa Nyarugusu, kwa Kakola, kwa Rwamagasa? Mtu wa Mgusu alijifunza siasa za mgodi kupitia mji usiokuwepo, ilhali nje ya mlango wake kulikuwa na visa vya kutosha miaka ishirini ya kurekodi. Duara la wachimbaji linafukiwa na mvua na wake wanasubiri juu. Mmiliki wa karasha la kusagia mawe anagombana na wanaoyaleta juu ya marudio, yaani mabaki ya usagaji. Mama anachoma dhahabu yenye zebaki kwenye jiko lile lile analopikia ugali. Kijana anapata donge la kwanza, anatoweka wiki mbili, anarudi na pikipiki na mke wa pili. Soko la dhahabu linafunguliwa Geita Machi 2019, na madalali waliozoea kununua gizani wanalazimika kupima mezani, mbele ya ofisa. Buzwagi inaanza 2009 na kufungwa 2021, na Kahama inabaki na nyumba za wageni zilizojengwa kwa matumaini ya wateja waliokwisha kuondoka. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi hapa, na mwandishi wa tamthilia angehitaji tu kukaa na kusikiliza.

Nani mwenye jina, nani mwenye kanda?

Mashabiki wengi hudhani kwamba kurudi kwa kipindi ni suala la wasanii kukubali tu. Historia inaonyesha vingine. Ze Comedy, kikundi kilichowakusanya akina Joti, Mpoki na Masanja, kilipata umaarufu mkubwa EATV. Walipoondoka mwaka 2008 kwenda TBC1, mgogoro ukazuka juu ya nani mwenye haki ya jina lile, na wao wakarudi hewani wakiitwa Orijino Komedi. Watazamaji waliwafuata. Fundisho likabaki hapo hapo: jina lililopendwa na taifa zima linaweza kuwa mali ya kituo, au ya kikundi, au lisijulikane ni la nani mpaka ugomvi utokee. Sheria ya hakimiliki ya nchi hii ni ya mwaka 1999. Wasanii wengi wa zama za Kaole waliigiza kwa makubaliano ya mdomo, wakilipwa kidogo au nauli tu, wakishukuru kuonekana.

Leo mtu akitaka kuirudisha Tufani au Gharika, ataanzia kwa nani? Kwa kikundi ambacho wanachama wake wametawanyika? Kwa kituo? Kwa warithi wa waliofariki? Mama wa msanii aliyefariki, anayeishi kwenye nyumba ya kupanga, atalipwa chochote sura ya mwanawe ikirushwa tena? Swali hili lina uzito wa kodi na ada za shule, na lijibiwe kabla ya tangazo lolote la kurudi.

Nyuma ya jina kuna kanda zenyewe. Vipande vinavyozunguka kwenye simu ni nakala za nakala, zilizorekodiwa na watu majumbani. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipata somo hili kwa hasara. Lilifuta au kutupa mikanda mingi ya miaka ya 1960 ya Doctor Who, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu angetaka kuiona tena. Kipindi kilisimama 1989, kikarudi 2005 na kupendwa upya, na watu wakaanza kutafuta kilichopotea. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimepatikana kwenye ghala la kituo cha kurushia matangazo huko Jos, Nigeria. Kazi ya Waingereza ilihifadhiwa na rafu ya Waafrika. Je, ni rafu gani Mwanza, Dar es Salaam au Zanzibar iliyobeba kazi zetu, na ni nani amepewa jukumu la kuipangusa vumbi? Kanda za VHS huliwa na unyevu na joto, na hazina subira ya mashabiki.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kurudi ingekuwa rahisi kuliko watu wanavyofikiri: maigizo yale yasafishwe na kurushwa tena, usiku mmoja kwa wiki, kwenye chaneli ya bure. Kijana wa miaka kumi na tano wa Bukombe amuone Kanumba akiwa mdogo. Amuone Mzee Kipara, aliyefariki mwaka ule ule wa 2012. Baada ya hapo ndipo atajua anasubiri nini.

Bei ya kurudi

Subira yavuta heri, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na anayengojea igizo lililokuwa bure ana sababu ya kuogopa litakapouzwa. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha Mwanza na miji mingine kwa awamu, luninga ya zamani bila king'amuzi ikawa sanduku. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ilipoviamuru ving'amuzi vya kulipia viondoe chaneli za bure, nyumba zilizokuwa na king'amuzi kimoja tu zikajikuta hazina ITV wala Star TV, hata baada ya kulipia kifurushi.

Tamthilia nzuri za Kiswahili hazijakoma. Huba na Jua Kali zimethibitisha kwamba waandishi na waigizaji wapo, na ubora wa picha umepanda mno kuliko enzi za Kaole. Zinaonekana wapi? Kwenye chaneli za kulipia. Kwa mfanyakazi wa mgodi mwenye mshahara wa uhakika, si neno. Kwa mchimbaji mdogo ambaye kuna mwezi anapata na miezi mitatu anakosa, kifurushi ndicho kitu cha kwanza kukatwa, hata kabla ya sukari. Kikikatwa, kila mtu ndani ya nyumba hurudi kwenye simu yake, na bando la baba si bando la mama. Watoto wanatazama vipande vya dakika moja vya watu wasiowajua. Sebule ipo, hadithi ya pamoja haipo.

Hata ng'ambo, marejeo mengi yamefungwa nyuma ya malipo. Twin Peaks ya Marekani ilirushwa 1990 na 1991 kwenye kituo cha bure. Iliporudi 2017 baada ya robo karne, ilirudi kwenye chaneli ya kulipia. Mmoja wa waigizaji wake, Catherine Coulson, alirekodi sehemu zake akiwa mgonjwa mahututi na akafariki Septemba 2015, muda mrefu kabla watu hawajaiona kazi hiyo. Nako wanajua kwamba kungojea kuna gharama ya uhai wa watu.

Wengine watasema mashabiki wachange. Inawezekana: mwaka 2013 zaidi ya watu 91,000 walichangia dola milioni 5.7 ili filamu ya Veronica Mars itengenezwe. Nchi yenye kuchangia harusi na misiba kwa simu isingeshindwa. Ila mtu asitume hata shilingi elfu moja kwa namba inayozunguka mtandaoni ikidai ni ya kurudisha Kaole. Matapeli wanajua mapenzi ya watu yalipo, na kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa ndio huumia kwanza. Mchango wa maana ungesimamiwa na taasisi yenye jina na anwani, ikitoa hesabu hadharani.

Msukuma asiwe kichekesho

Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho hakipaswi kurudi. Kwa miaka mingi, komedi za Dar es Salaam zilimtumia Msukuma kama mshamba wa kuchekwa: lafudhi nzito, fimbo begani, mshangao mbele ya ngazi za umeme. Watoto wa Shinyanga waliokwenda kusoma mjini waliikuta lafudhi hiyo ikiwasubiri bwenini, na wengi wakajifunza kuificha. Wapo waliofika hatua ya kuona haya mama zao wanapopiga simu na kusema "mwangaluka" kwa sauti.

Kabila kubwa kuliko yote nchini, watu waliolima pamba ya taifa na kuchimba dhahabu yake, wanastahili mhusika mwenye akili na makosa ya mtu mzima. Mfanyabiashara wa mchele wa Kahama anayejua kesi zake mahakamani. Mwalimu wa Kishapu. Binti wa Masumbwe anayeendesha karasha la baba yake kwa sababu kaka zake hawalijui. Waongee Kiswahili chao kwa lafudhi yao, na lafudhi hiyo isiwe ndiyo kichekesho.

Kwa hiyo kituo chochote, kiwe TBC, ITV au Star TV ya Mwanza iliyo jirani zaidi, kitakachotangaza kwamba maigizo ya zama za Kaole yanarudi, kifanye usaili wake wa kwanza huku, Juni hadi Agosti, baada ya mavuno, wakati vikundi vya ngoma tayari vimekusanyika na vijana wenye kipaji cha kushika umati wanaonekana kwa macho. Halmashauri za Geita, Kahama na Shinyanga zinapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na kampuni za madini zinatakiwa na sheria kutenga fedha za huduma kwa jamii, ambazo hadi sasa zimejenga madarasa, zahanati na visima. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingelipia kamera, taa, mwandishi mmoja mzuri na mikataba iliyoandikwa, ili msanii na mama yake wajue mapema jina ni la nani na malipo yatakwenda wapi.

Na kipindi kiwekwe saa mbili kasoro robo usiku, kabla ya taarifa ya habari, wakati zamu ya mchana mgodini imeshafika nyumbani.